Kura ya Himo Haina Kabila



Uchaguzi unapokaribia nyumbani kwetu Himo, Marangu, Kilema na pande zote za mlima Kilimanjaro, hata huku ugenini husikika maneno yale yale: Mchaga humchagua Mchaga mwenzake, na Mlutheri hamwamini Mkatoliki. Tuyapime maneno hayo kwa historia. Mwaka 1952 Wachaga walimsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu. Mwaka 1960 wakapiga kura kutaka kiongozi wa kuchaguliwa badala yake. Kabila lilikuwa lile lile. Jamii ndiyo iliyobadilika: fedha za kahawa zilikuwa zimesomesha kizazi kipya, nacho hakikuridhika na utawala wa kimangi.

Jimbo letu la Vunjo linatoa ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2005 lilichagua mbunge wa CCM, 2010 Augustino Mrema wa TLP, 2015 James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, na 2020 akatangazwa Charles Kimei wa CCM. Matokeo ya 2020 wapinzani waliyakataa, lakini hata tukiyaweka kando, kura ilikwishahama mara mbili. Wabunge wote hao ni Wachaga, kwa hiyo kabila haliwezi kueleza kuhama huko. Kinachokueleza ni maisha yanayobadilika: kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachogawanywa kwa wana kila kizazi hakitoshi tena. Vijana wameshuka Himo kuuza mahindi, kuendesha bodaboda na kufuata biashara ya mpaka wa Holili. Baba aliyebaki mlimani huuliza bei ya kahawa. Mwanawe huuliza ushuru. Nyumba moja, haja mbili.

Mtaniambia kwamba mwaka 1995 Mrema alipogombea urais, Kilimanjaro ilimfuata kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Undugu ulichangia, sikatai. Lakini alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais nchi nzima, na mwaka 1996 watu wa Temeke, Dar es Salaam, wakampa ubunge. Temeke si uchagani.

Ndugu zangu, sisi tulio nje hatupigi kura huku tuliko, ila fedha za ada na matibabu tunatuma, na simu zetu nyumbani zinasikilizwa. Basi tusizitumie kuuliza mgombea ni wa ukoo gani au anasali wapi. Tuulize atafanya nini kuhusu ardhi, kahawa na biashara ya vijana wa Himo.