Huduma kwa Mteja katika Maduka ya Sigara Nene Marekani

Sigara nene, ile inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, huharibika ikikauka. Ndiyo maana maduka yake nchini Marekani huwa na chumba chenye rafu za mbao na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Muuzaji hodari humwuliza mteja amezoea ukali gani, kisha huibonyeza sigara taratibu kwa vidole: ikitoa mlio wa jani kavu, haifai kuuzwa. Lakini huduma muhimu kuliko zote ni kukagua kitambulisho. Tangu Desemba 2019, sheria ya nchi hiyo inakataza kumwuzia tumbaku mtu asiyefikisha miaka 21. Tena mteja anastahili kuambiwa ukweli: sigara hizi husababisha saratani ya kinywa na koo, hata kwa asiyevuta moshi hadi mapafuni.