Msomi na Misukosuko ya Siasa: Tusimame Wapi?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa walimu, wahadhiri na wanafunzi wa vyuo waliosomeshwa na mfuko wa elimu wa sharika)



Nimeombwa nizungumzie namna msomi anavyoweza kubaki imara siasa zinapochafuka. Jambo hili linatugusa sote. Sharika zetu zimenadi ndizi, mahindi na kuku baada ya ibada ili kijana afike chuo kikuu. Kijana huyo akiogopa kufundisha lililo kweli, au akageuka mpiga debe wa kila mwenye nguvu, hasara ni yetu sote.

Nimechagua mfano wa Mlutheri mwenzetu, Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1906, akapata udaktari wa theolojia akiwa na miaka 21, na mwaka 1931 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Berlin. Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler akawa Kansela. Mwezi Aprili ikatoka sheria iliyowafukuza Wayahudi wengi katika utumishi wa umma, wahadhiri wakiwemo. Mwezi Mei wanafunzi wa vyuo wakachoma vitabu hadharani. Maprofesa wengi walinyamaza, na wengine walishangilia. Hawa hawakuwa wajinga, walikuwa na shahada kuliko sisi. Elimu peke yake haimshikilii mtu.

Bonhoeffer alishikiliwa na nini?

Kwanza, alisema mapema na kwa hoja. Siku mbili baada ya Hitler kushika madaraka, alizungumza redioni juu ya hatari ya kiongozi anayegeuzwa sanamu. Matangazo yalikatika kabla hajamaliza. Mwaka huohuo aliandika kwamba Kanisa lina wajibu wa kuihoji serikali juu ya uhalali wa matendo yake, na kuwasaidia walioonewa hata kama si Wakristo. Hakutukana mtu. Alifanya kazi ya msomi, yaani kupima jambo na kulieleza.

Pili, alikuwa na ratiba. Kuanzia 1935 hadi 1937 aliongoza chuo cha kuandaa wachungaji huko Finkenwalde. Siku ilianza na kuisha kwa sala. Kila asubuhi walikaa kimya nusu saa wakitafakari kifungu kifupi cha Biblia. Palikuwa na masomo, nyimbo na michezo. Baadhi ya wanafunzi waliona ukimya ule ni mzigo, lakini uliwajenga. Mwaka 1936 alinyang'anywa kibali cha kufundisha Berlin, na mwaka 1937 polisi wakakifunga chuo chake. Hata gerezani Tegel, alikoingizwa Aprili 1943, aliendelea kusoma, kuandika, kufanya mazoezi na kusali Zaburi.

Tatu, hakukaa peke yake. Chuo kilipofungwa aliwaandikia wanafunzi wake barua za pamoja. Kutoka gerezani alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge, bila kuficha wasiwasi wake. Kumbe kuwa imara si kutoogopa. Ni kuwa na mtu wa kumwambia kwamba unaogopa.

Nne, alijua mahali pake. Juni 1939 alikwenda New York, ambako angeweza kufundisha kwa usalama. Mwezi uliofuata alirudi nyumbani, akiamini kwamba asiyeshiriki mateso ya watu wake hatakuwa na haki ya kushiriki kuijenga upya nchi yao. Alijiunga na waliopanga kumwondoa Hitler, akanyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945 akiwa na miaka 39.

Naomba tusikosee hapa. Si kila aliyeondoka alikuwa mwoga. Paul Tillich alifukuzwa kazi mwaka 1933 akaenda Marekani. Karl Barth alikataa kumwapia Hitler bila masharti, akapoteza kazi yake Bonn, akarudi kwao Uswisi mwaka 1935. Wote wawili waliendelea kufundisha. Hatumwombi mtu atafute kifo. Tunamwomba asiuze ukweli aliosomeshwa aulinde.

Sasa, sisi tufanye nini? Walimu na wahadhiri, darasani tenganisheni ushahidi na maoni. Msisambaze kwenye simu habari msiyoihakiki. Wekeni saa ya kufuatilia habari, na saa ya kuzima redio na simu mkae na familia.

Kamati za sharika, msiwasukume wasomi wenu kuwa wasemaji wa chama chochote. Watembeleeni. Mwalimu akisimamishwa kazi kwa kusema kweli, watoto wake watakula nini? Napendekeza kila usharika uwe na jioni moja kwa mwezi ya kuwakutanisha wasomi wake, na akiba ndogo kwa ajili ya mwenye shida ya namna hiyo. Jambo hili lijadiliwe katika vikao vyenu vijavyo.

Wafadhili wetu, tunawashukuru sana. Mnapouliza ni wangapi wamehitimu, mtuulize pia ni nani anayewatembelea baada ya kuhitimu. Swali hilo litatusaidia kufanya kazi vizuri zaidi.