Mbio Ndefu na Kinga ya Mwili: Hotuba ya Shangazi Mbele ya Ukoo



Katibu ameniomba nizungumze juu ya afya, kwa kuwa nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi. Kisukari na shinikizo la damu mmekwisha kuvisikia kila tunapokutana. Leo nataka kusema juu ya jambo nililolikosea mimi mwenyewe.

Mwaka 2022 binti wa kaka yangu alikimbia mbio za marathoni za Riyadh, kilomita 42 na ziada. Jioni ile ile alipanda ndege kuja Jeddah kumwonyesha bibi yake nishani. Siku ya tatu akashikwa na homa na kikohozi. Siku ya sita Mama akalazwa, na hakurudi nyumbani ila baada ya siku tisa. Kwa uchungu nilimwambia mtoto yule kwamba mbio zimemla nguvu za mwili na kwamba yeye ndiye aliyemletea bibi yake maradhi. Akaviweka viatu kabatini. Nchi hii iliruhusu mazoezi ya viungo katika skuli za serikali za wasichana mwaka 2017. Mlango uliofunguliwa na serikali, mimi nikaufunga.

Sikuyatoa maneno yale hewani. Mjini Cape Town, baada ya mbio za kilomita 56 za mwaka 1982, wakimbiaji 150 walichunguzwa: theluthi yao waliugua koo na mafua katika majuma mawili, hali miongoni mwa wenzao wasiokimbia waliougua ni asilimia 15 tu. Los Angeles mwaka 1987 ilionekana vivyo hivyo. Wataalamu walieleza kwamba baada ya mazoezi makali na marefu chembe nyeupe za kinga hupungua katika damu kwa saa kadhaa, na maradhi hupata dirisha lililo wazi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Lakini mwaka 2018 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, John Campbell na James Turner, waliipinga hoja hiyo. Chembe zile, walisema, hazikufa. Zimetoka katika damu kwenda mapafuni na matumboni, mithili ya askari walioacha kambi kwenda doria. Mwenye kuihesabu kambi huiona tupu. Tena wengi katika uchunguzi wa zamani walijieleza wenyewe tu kuwa wanaumwa, wala hawakupimwa virusi. Na koo huwasha pia kwa hewa kavu na vumbi, mambo ambayo watu wa Riyadh hawahitaji kufundishwa. Wataalamu wengine hawajakubali yote hayo, na ubishi ungaliko.

Hapo nikaanza kuihesabu upya siku ile. Mtoto alilala saa nne usiku wa kuamkia mbio. Alisimama katikati ya maelfu ya watu. Hakula kitu cha maana mpaka uwanja wa ndege. Alipofika Jeddah, kila aliyempongeza alimpa mkono, nami nikiwa wa kwanza, na nilikuwa na mafua! Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2015 uliwatia watu virusi vya mafua puani kwa makusudi: waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipatwa na mafua kiasi cha mara nne kuliko waliokuwa wakilala zaidi ya saa saba. Vijana wetu wanaofanya mazoezi usiku wa manane katika Ramadhani, kisha wakaenda kazini asubuhi, nawaombeni mlifikirie hilo. Na mwenye homa asikimbie kabisa, kwani baadhi ya virusi huweza kuingia katika msuli wa moyo.

Mama alipona, alhamdulillahi, na kila Ijumaa aliniuliza kwa nini mjukuu wake hakimbii tena. Sikuwa na jibu.

Mwanangu, uko hapa ukumbini. Nilikudhulumu, na nakuomba radhi mbele ya ukoo.

Ameniambia kwamba kesho baada ya sala ya alfajiri atakimbia Kornishi, kabla jua na unyevu wa Jeddah havijawa vikali. Wanaotaka kufuatana naye wakutane kwenye mlango wa hoteli. Mimi nitachukua maji na tende. Wenye mafua wabaki vitandani, wala wasiende kumpa Mama mkono.