Vilima Visivyokuwepo Ramanini

Ramani ya mvua huonekana kana kwamba kila kipande cha nchi kimepimwa. Sivyo. Mvua hupimwa katika vituo vichache vilivyotawanyika, na nafasi zilizo baina yake hujazwa kwa hesabu. Hesabu hiyo isipochungwa, huzua vilima na mashimo yasiyokuwepo. Na mkulima ambaye bima yake hulipwa kwa kuangalia ramani anaweza kunyimwa haki yake kwa kasoro ya mchoro tu.

Kasoro ya kwanza ni miduara. Mwaka 1968, Donald Shepard alieleza njia ya kukadiria kwa wastani wa vituo, kilicho karibu kikipewa uzito zaidi. Njia hiyo ni nyepesi, lakini mara nyingi huzungushia kila kituo duara mfano wa shabaha.

Ya pili hutokana na pembetatu. Vituo vikiunganishwa kwa utaratibu wa Boris Delaunay wa mwaka 1934, pembezoni hutokea pembetatu ndefu kama mikuki, na mvua ikatandazwa mahali ambapo hakuna aliyepima.

Ya tatu ni ulaini uliopita kiasi. Uso uliolazimishwa kupinda taratibu huweza kushuka chini ya sifuri, nasi tukaambiwa kwamba imenyesha mvua pungufu ya kutonyesha kabisa!

Je, dawa ni ipi? Kwanza, vipimo vilivyorudiwa mahali pamoja viunganishwe kuwa kimoja. Pili, pembetatu zenye pande ndefu mno zikatwe, na eneo hilo liachwe wazi. Tatu, uso ukazwe kidogo ili usivuke mipaka ya vipimo vyenyewe.

Iko pia njia iliyotokana na kazi ya Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini, aliyechunguza dhahabu ya Witwatersrand mwaka 1951; Mfaransa Georges Matheron akaijengea msingi wa kihisabati. Njia hii huchunguza kwanza jinsi vipimo vinavyopoteza mfanano kadiri umbali unavyozidi. Vituo vilivyosongamana hugawana uzito, na kila kadirio hutolewa pamoja na kiasi cha shaka yake.

Hatimaye, ramani ijaribiwe: kituo kimoja kifichwe, kikadiriwe kwa vingine, kisha majibu yalinganishwe. Na vituo vyenyewe vichorwe juu ya ramani, ili msomaji ajue ni wapi palipopimwa na ni wapi palipokisiwa.