Kahawa ya Amin, Miraa ya Igembe: Nani Hulipa Nchi Zinapofungiana Milango?



Mada ya leo huzungumzwa zaidi Geneva, New York na Brussels. Nimeileta huku mlimani makusudi. Je, ni halali nchi kufunga soko lake, mkoba wake au mpaka wake ili kuubana utawala unaotesa raia? Na ikifunga, anayebanwa ni nani hasa? Watu wa Meru na Embu wana la kusema hapa kuliko wengi. Wamefungiwa soko kwa ugomvi usiowahusu. Wameishi chini ya serikali iliyonyimwa misaada. Na kahawa, zao lililowasomesha wengi wetu humu ukumbini, iliwahi kutumiwa kumbana Idi Amin.

Nianze na miraa, maana kidonda hicho bado kibichi. Miraa haina ghala. Huchumwa alfajiri, hupangwa kitita kwa kitita, hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, kisha hupakiwa kwenye pikapu zinazoteremka kutoka Maua kwa mwendo wa kutisha ili ziwahi ndege Nairobi. Ikilala siku mbili tatu, haina bei tena. Machi 2020 Somalia ilifunga anga yake kwa sababu ya Korona. Anga ilipofunguliwa, miraa ya Kenya haikuruhusiwa kurudi. Nairobi na Mogadishu zilikuwa zikizozana juu ya mpaka wa bahari na juu ya Jubaland. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi; Mei 2021 uhusiano ukarudishwa; miraa ikabaki nje hadi Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili gharama ilibebwa na mchumaji wa kibarua, na mama anayeuza majani ya mgomba, na mzazi wa Igembe aliyeitwa shuleni kuulizwa karo. Hakuna waziri wa upande wowote aliyekosa mshahara.

Zuio lile halikuwa la kutetea haki za binadamu, nalijua hilo. Lakini namna linavyofanya kazi ni ile ile: ukifunga soko la nchi nzima, wa kwanza kuumia ni yule ambaye hakushauriwa. Kwa hiyo anayependekeza vikwazo lazima atuambie mapema pesa zinapita wapi, na ni mkono wa nani utakaobaki mtupu. Asiyeweza kueleza hilo asidai kwamba anatetea haki.

Sasa twende Uganda. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kufikia 1977 ilikuwa haijawahi kuonekana. Wazee mliomo humu mnakumbuka. Nyumba za nyasi ziligeuka za mabati, vyama vya ushirika vikalipa malipo ambayo mkulima hakuwahi kuyashika mkononi. Na tukumbuke kwamba ni katika miaka ya 1930 tu ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, tena kwa eneo dogo lililopimwa. Kwa hiyo fedha ile ilikuwa pia heshima.

Bei ile ile iliyomjengea mkulima wa Imenti nyumba ndiyo iliyomlisha Amin. Kahawa ilikuwa zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya mauzo ya Uganda nje. Dola ziliingia serikalini, na mkulima aliachiwa makombo kwa shilingi isiyonunua kitu, maana madukani hamkuwa na sabuni wala chumvi. Jeshi ndilo lililokula. Ndege zilisafirisha pombe kali na vitu vya anasa kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, ili askari waendelee kuridhika. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Watu waliouawa katika utawala ule hukadiriwa kwa mamia ya maelfu. Na Marekani, iliyosema kwa sauti kwamba inachukizwa na Amin, ilikuwa ikinunua karibu thuluthi ya kahawa yake.

Mbunge mmoja wa Ohio, Don Pease, alikataa kulifumbia macho jambo hilo. Serikali ya Rais Carter, pamoja na mahubiri yake yote ya haki za binadamu, ilisita mwanzoni na kutetea biashara huria. Bunge liliishinda. Oktoba 1978 sheria ya kuzuia kahawa ya Uganda ilianza kutumika, na baadhi ya kampuni kubwa zilikuwa zimeshaacha kuinunua. Mwezi huo huo Amin alivamia Kagera, nchini Tanzania. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka.

Tusidanganyane: Amin aliondolewa na jeshi la Mwalimu Nyerere pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na damu iliyomwagika ni yao. Hata hivyo naamini zuio lile lilikuwa la haki, na sababu yangu ni ya kimahesabu kabla ya kuwa ya kimaadili. Dola ya kahawa haikuwa ikimfikia mkulima wa Masaka. Aliyeikata alikata mshahara wa askari. Mkulima mwenyewe alishaichoka bodi ya serikali, akawa anavusha magunia usiku hadi Kenya.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Magunia yale yalifika Chepkube, kijiji cha mpakani upande wa Bungoma, na kwa muda soko lile lilikuwa na fedha kuliko miji mingi mikubwa. Watu waliiita kahawa ile dhahabu nyeusi. Walionufaika hawakuwa wachukuzi waliovuka mto usiku. Wakubwa wa Kenya walitajirika. Serikali yetu haikuwa na haraka ya kuona Uganda ikitengemaa.

Tena Kenya ilikuwa na nguvu juu ya Amin kuliko Washington. Mafuta ya Uganda karibu yote yalipita Mombasa. Julai 1976, baada ya makomandoo wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka, na baada ya Amin kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake, Nairobi ilibana njia ya mafuta. Kampala ilitikisika kwa wiki chache tu, na Agosti Amin akaja mezani. Silaha ilikuwepo, na ilifanya kazi. Tuliitumia kwa ajili ya madeni yetu na mipaka yetu, kisha tukaiweka chini. Waganda waliokuwa wakitupwa mtoni hawakuwamo katika hesabu ile. Hilo ni doa katika historia ya sera yetu ya nje, na sijaona likifundishwa katika shule yoyote ya kaunti hizi mbili.

Miaka 15 baadaye zamu ikawa yetu. Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris na kusimamisha misaada mipya ya kusaidia bajeti kwa miezi sita, hadi serikali irekebishe uchumi na siasa. Mwanzoni mwa Desemba wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani, na Rais Moi akatangaza kwamba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee tangu 1982, kiondolewe. Wengi wamehitimisha kwamba Paris ilitukomboa. Nakataa.

Kabla ya Paris, Gitobu Imanyara, wakili wa Meru, alikuwa akihariri jarida la Nairobi Law Monthly na kulipia kila toleo kwa kukamatwa. Jarida lilipigwa marufuku mwaka 1990. Kiraitu Murungi, wakili mwenzake wa Meru, alikimbilia Marekani. Njeru Kathangu wa Embu alikamatwa pamoja na George Anyona, Edward Oyugi na Ngotho Kariuki kwa mazungumzo ya baa jijini Nairobi, na Julai 1991 wakafungwa miaka saba kwa uchochezi. Askofu David Gitari, aliyekuwa na makao yake Embu, alihubiri dhidi ya kura ya mlolongo bila kutafuna maneno. Usiku mmoja wa Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipanda juu ya paa, akapiga ukemi, majirani wakaja mbio.

Majirani wale ndio ninaotaka tuwakumbuke. Mabalozi walikuwepo miaka yote ya 1980, watu wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, na misaada ikiendelea kutiririka. Dunia ilibadilika Ukuta wa Berlin ulipoanguka, ndiyo, lakini ilibadilika pia kwa sababu kulikuwa na Wakenya waliokwisha kuingia barabarani. Msaada uliokatwa ulipata mshirika ndani. Bila mshirika huyo ungekuwa njaa tu.

Na bei tuliilipa. Utawala ulioishiwa fedha za kigeni ulitafuta njia nyingine, na katika miaka hiyo hiyo kashfa ya Goldenberg ilifyonza hazina. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 40. Mwisho wa mwaka huo wafadhili walifungua mkoba tena, wakati waliofukuzwa Molo na Burnt Forest katika mapigano ya kikabila walikuwa hawajarudi makwao. Wafadhili walikuwa wameridhika na hesabu za benki kuu.

Mfano wa Burundi nitaupitia haraka. Julai 1996 mwanajeshi Pierre Buyoya alipindua serikali, na kabla mwezi haujaisha majirani, Kenya ikiwemo, wakatangaza vikwazo kutoka Arusha. Vilidumu hadi Januari 1999. Petroli ya magendo iliwatajirisha wenye uhusiano na jeshi, huku mgonjwa wa kijijini akikosa dawa. Mazungumzo yalizaa mkataba wa Agosti 2000, na shinikizo lilichangia, lakini kwa gharama ambayo ingeweza kupunguzwa kama majirani wangelenga akaunti za wakubwa tangu mwanzo.

Akaunti hizo ziko wapi leo? Septemba 2016 shirika la uchunguzi la The Sentry lilitoa ripoti iliyoonyesha familia za viongozi mahasimu wa Sudan Kusini zikiwa na makazi ya kifahari Nairobi, Lavington ikitajwa. Watu wao walikuwa makambini Kakuma. Mei 2021 na tena Mei 2022, tukiwa katika Baraza la Usalama, Kenya ilijizuia kupiga kura vikwazo vya Sudan Kusini vilipoongezwa muda. Hoja ya wanadiplomasia wetu, kwamba shinikizo la nje linaweza kuvuruga mkataba wa amani, naiheshimu. Lakini kuchunguza nani anamiliki nyumba Lavington hakuhitaji kura ya New York. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha tunayo tangu 2009. Kwa uzembe wa kuitekeleza, Februari 2024 tuliingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kimataifa.

Badala ya kuwanyima wakandamizaji maficho, tumeanza kuwapa huduma. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Kituruki walirudishwa Uturuki kutoka Nairobi. Novemba 16, 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, na siku chache baadaye alionekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Desemba ya mwaka huo huo kijana wa Embu alichukuliwa akisubiri kunyolewa, na hakurudi kwao hadi Januari 2025, baada ya mji kuandamana. Serikali inayowaachia majirani wateke watu kwenye ardhi yake haishangazi ikiteka wa kwake.

Wanafunzi wa sheria, ombeni rekodi za umiliki wa ardhi, andikeni, fungueni kesi. Wakulima, msikubali tena mazao yenu yawe chambo cha ugomvi wa wakubwa. Daini fidia iandikwe kisheria kabla soko halijafungwa. Na wabunge wenu wakija kuomba kura mwaka 2027, kabla hawajazungumzia barabara, waulizeni wataunga mkono sheria ya kumnyima visa, nyumba na akaunti ya benki kila mtesaji wa nchi jirani. Asiye na jibu msimpe kura.