Mawe Kwanza, Trekta Baadaye

Ifuatayo ni hotuba ya katibu mwenezi wa Chama, aliyoitoa mbele ya wanachama wa tawi na wa ushirika wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, siku walipokutana kuamua namna ya kufungua shamba lao jipya kabla ya mvua.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu zangu vijana,

Nashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema kabla hamjapiga kura. Mimi ni mtoto wenu, na mtoto akisimama mbele ya wakubwa huanza kwa adabu. Leo adabu yangu itakuwa kuungama kosa.

Nyote mnaliona lile trekta chini ya mkwaju, karibu na ghala. Kuku wanataga kwenye kiti chake. Misimu miwili iliyopita nilisimama mahali hapa hapa nikawahimiza tufanye haraka. Dereva wetu aliniambia, "Ndugu Katibu, shamba hili lina mawe. Tulipitie kwanza kwa miguu." Nikamjibu kwamba maendeleo hayangoji. Nikapigiwa makofi. Siku ya tatu tumbo la trekta likapanda juu ya jiwe lililofichwa na majani. Sampu ikapasuka, oili ikaanza kuvuja. Ile taa nyekundu ya oili haikuwaka, maana ilikuwa imeungua siku nyingi, na hakuna aliyejali kuibadilisha. Ni kitaa kidogo kama punje ya mahindi. Dereva akaendelea kulima bila kujua, na kabla ya adhuhuri injini ikanoki. Watu walimlaumu dereva. Leo nasema mbele yenu kwamba wa kulaumiwa ni mimi.

Sasa tuna mashauri mawili mezani. La kwanza ni kuchukua akiba yote ya ushirika, tukodi mtambo mkubwa, tufungue eka 200 kwa mara moja. La pili ni kusafisha eka 60 kwa mikono yetu na kwa ng'ombe wetu, kulifufua trekta letu, na kuweka akiba ya spea na mafuta. Mimi nimesimama upande wa shauri la pili, nami nitaeleza kwa nini.

Ndugu zangu, hakuna watu duniani wanaopaswa kulijua jambo hili kuliko sisi watu wa Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma Bwana John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, aje na wenzake kutazama ardhi. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita. Wakapanga kulima karanga eka zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ndani ya Tanganyika, zilizobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1947 wakaanza hapa Kongwa. Baadaye wakaingia Urambo na Nachingwea.

Sikilizeni walivyoanza. Viwanda vya Ulaya na Marekani havikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Basi wakanunua mitambo iliyokwisha kutumika, mingine ya jeshi la Marekani kutoka visiwa vya Ufilipino. Vifaru vya vita aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mitambo ikafika kabla ya karakana kuwa tayari na kabla ya spea. Madereva wakafundishwa harakaharaka. Makatapila mawili yalifungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli, yakaenda sambamba yakiangusha miti. Mtu aliyetazama kwa mbali alidhani kazi imekwisha.

Lakini mti ukianguka, mizizi hubaki. Chini ya udongo ule kulikuwa na mizizi mingi migumu, nayo ikavunja majembe ya mitambo. Udongo wenyewe ukikauka hukaza kama saruji, tena una mchanga mkali unaokula chuma kama tupa. Mwaka ule wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000. Walizopata ni eka zipatazo 7,500. Mitambo mingi ikalala kwa kuharibika. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Je, ardhi yetu ilikuwa na laana? Hapana. Karanga tunalima hadi leo. Mahindi yanayouzwa soko la Kibaigwa hayatoki mbinguni. Kule Urambo wakulima walishika tumbaku, wakaendelea. Kosa lao lilikuwa haraka na kiburi. Mzee wa Kigogo aliyeiona njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920 angeweza kuwaambia mvua ya hapa inavyokuja na inavyokatika. Mpango ule ulipangwa bila yeye.

Lakini tusimcheke mkoloni peke yake. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulianzisha vijiji vya makazi mapya, tukavipa mitambo na wataalamu, na mwaka 1966 Serikali yetu ikavisimamisha kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa kuliko mavuno. Na misimu miwili iliyopita mimi nimefanya kosa lile lile hapa, kwa kipimo cha kijiji. Kosa halina rangi.

Wapo watakaosema: Katibu anataka turudi kwenye jembe la mkono. La, hasha! Nataka trekta, tena nataka mawili. Lakini mashine usiyoweza kuitunza ni bwana wako. Ikitaka kulala, unalala nayo. Ikitaka fedha, unatoa. Bwana wa namna hiyo hatukumwondoa mwaka 1961 ili tumrudishe akiwa amepakwa rangi nyekundu na kupewa magurudumu manne.

Na kazi ya mawe si ya aibu. Kule Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wapo mababu waliolima kati ya karne ya 15 na ya 18. Waliyaokota mawe shambani, wakayapanga kuwa kingo za mashamba na mifereji ya maji. Mashamba yale yanaonekana mpaka leo, na hayakuhitaji nanga ya meli.

Sasa tuseme kazi yenyewe.

Kwanza, tutapita kwa miguu. Wakati huu wa kiangazi majani yamekauka na mawe yanaonekana. Tupange mstari, mtu na mwenzake wafikiane kwa mikono, twende upande mmoja hadi mwingine. Mimi ni mwalimu kwa kisomo, basi niruhusuni nifanye hesabu. Watu 80 wakiokota mawe 30 kila mmoja kwa asubuhi moja, ni mawe 2,400. Asubuhi kumi ni mawe 24,000. Mtu mmoja akiitazama kazi hiyo atakata tamaa, lakini kijiji kizima kitaimaliza.

Pili, kila jiwe lina njia yake. Jiwe dogo ni la karai. Jiwe la kati tutalivingirisha juu ya panda ya mti, ng'ombe wavute hadi mpakani. Jiwe kubwa lichimbwe pembeni, liwekewe mtaimbo na jiwe dogo la kuegemea, watu wasukume kwa pamoja. Lisipotoka, wazee wanajua: koka moto wa kuni juu yake mpaka liwe na joto kali, kisha limwagie maji baridi, lipasuke. Lakini safisheni majani makavu kulizunguka, na watoto wakae mbali, maana vipande huruka. Mwamba uliozama ardhini tusipigane nao. Tuupake chokaa, tusimike nguzo, dereva auzunguke. Na yale yanayochomoza ncha tu, tuyawekee vijiti, tuyachimbe baada ya mvua ya kwanza kulainisha udongo.

Tatu, visiki. Kukata mti na kuacha mizizi ndilo kosa la 1947. Chimbeni kukizunguka kisiki, kateni mizizi ya pembeni chini ya kina cha plau, futi moja na nusu hivi, ndipo mkivute. Mibuyu yetu tuiache. Ina kazi yake, na nyuki wake hawapendi mikutano.

Nne, mawe yasitupwe ovyo. Tuyapange mistari ya kukinga mteremko. Maji ya mvua yakifika hapo yatapunguza mbio na kuacha udongo wake. Adui wa plau atakuwa mlinzi wa shamba. Na mjue kwamba kazi hii haiishi mwaka mmoja. Kila msimu mvua na plau vitafichua mawe mengine, nasi tutapita tena.

Sasa trekta. Fundi ameshalitazama na kusema linafufuka. Likifufuka tusiliue mara ya pili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva apime oili na kutazama maji ya rejeta. Atazame chini kama kuna tone, akaze nati za magurudumu, atie grisi kila mahali palipowekwa chuchu ya grisi. Chujio la hewa lisafishwe kila siku wakati wa vumbi, kwa sababu vumbi la Ugogo likiingia ndani ya injini ni kama kula ugali wenye mchanga. Dizeli ya pipa iachwe itulie, tusinyonye ya chini kabisa yenye maji na uchafu. Tangi lijazwe jioni, kwa kuwa tangi tupu hutoka jasho usiku na jasho hilo ni maji. Oili ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha trekta, bila kungoja mpaka iwe kama lami. Taa na mishale ya dashibodi ni macho ya mashine. Kikiungua kitaa kimoja, trekta lisitoke.

Na plau nayo ina akili yake. Ile boliti ndogo ya usalama imewekwa ivunjike pale plau inapogonga jiwe, ili kitu kikubwa kisivunjike. Nimeona watu wakiibadilisha kwa nondo, wakajisifu kwamba sasa haivunjiki. Ni kweli haivunjiki. Inayovunjika ni fremu ya plau.

Yote haya yaandikwe katika daftari: saa zilizofanya kazi, oili iliyotiwa, kilichovunjika na sababu yake. Daftari likae ofisini, na mwanachama yeyote awe na haki ya kulisoma. Tuchague vijana wawili, na mmoja wao awe msichana, wakae na fundi wakati anafungua injini, wajifunze kila nati. Tukiwa na madereva watatu na fundi tunayempigia simu kutoka mbali, hatuna trekta. Tukiwa na dereva mmoja anayejua kusikiliza mlio wa injini, tunalo.

Mwisho ni fedha. Naomba azimio hili: kila eka itakayolimwa kwa trekta, mkulima atoe ada, na sehemu ya ada hiyo iingie katika kisanduku cha spea chenye funguo mbili, moja kwa mweka hazina, moja kwa mjumbe atakayechaguliwa na mama zetu. Kisanduku hicho kisiguswe kwa harusi, kwa msiba, wala kwa safari ya katibu. Hata katibu huyu.

Ndugu Mwenyekiti, najua eka 60 hazivutii kama eka 200. Zikitangazwa mkutanoni hazipigiwi vigelegele. Najua pia wapo kati yenu ambao ghala zao hazikufika mwezi wa Machi, na mtu mwenye njaa husikia neno "polepole" kama tusi. Kwa hao nasema hivi: eka 60 safi zitalimwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, na kila kiangazi tutaongeza nyingine. Eka 200 zenye mawe zitalimwa siku tatu. Mimi najua, kwa sababu niliwahi kuwapa siku tatu.

Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya maendeleo kuwa juhudi na maarifa. Misimu miwili iliyopita tulikuwa na juhudi tupu. Safari hii tuanze na maarifa, na juhudi haitakosekana, maana watu wa Kongwa hawajulikani kwa uvivu.

Yakipita mashauri yangu, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa shambani na karai. Yasipopita, nitakuwa shambani pia, kwa sababu uamuzi wenu ndio uamuzi wangu. Lakini nawaomba, kabla ya kunyoosha mkono, kila mtu ageuke alitazame lile trekta chini ya mkwaju.

Uhuru na Kazi!