Safari ya Matumbawe ya Kisite: Anayeanza Ajipange Angali Nchi Kavu



Kila mwaka wageni hutoka Ulaya na Marekani hadi Shimoni ili kuona matumbawe ya Kisite. Wakati huohuo, wapo wakazi wa Kinango, Matuga na Lunga Lunga ambao hawajawahi kuyaona. Baadhi hudhani ni starehe ya matajiri. Wengine huogopa maji, na hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani bahari huua. Jambo linalopunguza hatari ni maandalizi.

Hifadhi ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na hairuhusiwi kuvua humo. Jirani yake, Mpunguti, ina kilomita 11 za mraba, na uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kiingilio hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Kikundi kikikodi chombo pamoja, gharama ya kila mtu hushuka.

Jambo la kwanza ni majira. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na maji huwa safi. Kusi huleta mawimbi, na mvua za masika huchafua maji. Pia mwezi uangaliwe: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa nguvu, na mkondo huweza kumchukua mtu. Anayeanza achague siku za maji mafu. Asiyejua kuzihesabu amuulize mvuvi yeyote.

La pili ni chombo. Kabla ya kulipa, abiria aulize kama boti ina leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kama kuna jaketi la kuokoa maisha linalomtosha kila mmoja, watoto wakiwemo, na kama mwongozaji ataingia majini pamoja nao. Wapo wanaosema mtoto wa pwani havai jaketi. Bahari haimuulizi mtu alizaliwa wapi.

La tatu ni mazoezi. Miwani na mrija wa kupumulia vijaribiwe kwanza kwenye maji ya kiunoni. Miwani inayofaa hushika uso bila mkanda ukivutwa kwa pua kidogo. Anayeanza ajifunze kupumua polepole kwa mdomo na kupuliza maji yaliyoingia kwenye mrija. Waogeleaji waende wawili wawili, kwa sababu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Asiyejua kuogelea avae jaketi na asiachane na mwongozaji.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa ni jambo jingine. Kunahitaji mwalimu mwenye cheti, na mwenye mafua, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mzamiaji hazuii pumzi hata kidogo, kwa maana hewa hutanuka anapopanda na inaweza kupasua mapafu.

Methali husema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa safari hii, isifuatwe. Nahodha akisema upepo umebadilika, safari iahirishwe, hata kama watu wamekwisha kufika gatini. Abiria wasimshurutishe kwa sababu ya pesa.

Mwisho, matumbawe ni viumbe hai, na hukua polepole mno. Mguu mmoja unaweza kuvunja kilichokua kwa miaka mingi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya. Yaliyobaki hayahitaji kukanyagwa. Fulana ya mikono mirefu hukinga jua bila kuchafua maji kwa mafuta. Kombe, chaza na nyota wa bahari wabaki walipo, na pomboo wasifukuzwe.

Kutoka njia panda ya Kanana, gari hufika Shimoni kwa barabara ya lami. Ng'ambo ya mlango wa bahari ni Wasini, ambako kikundi cha akina mama kina daraja la mbao juu ya matumbawe ya kale. Hata asiyetaka kulowa ana cha kuona huko, na pesa anayolipa hubaki kijijini.

Safari njema, na kila atokaye arudi salama.